Siku Maji ya Msufini Yalipogeuka Kijani

Neema, wewe na wenzako wa maabara mliniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Mkasema, "Mwalimu, andika chochote, hata vichekesho." Vichekesho vipo. Tatizo ni kwamba katika vingi anayechekwa ni mie, na kimoja bado hakijaniruhusu kucheka.

Vyeo nimeviacha. Vimo kwenye faili langu, na mwenye subira ya kuvisoma ataanza kwa kupangusa vumbi. Nitaandika habari za maji, maana ndiyo kazi niliyoifanya: kuchunguza vijito vya jiji hili, kuona nani anaishi ndani yake, na kujaribu kuvirudishia uhai.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetoka Rungwe, ambako mto ni kitu unachoinama ukakinywa, na sikufikiria kwamba kazi ya mito ingeweza kuchafua viatu. Bosi wangu alikuwa Daktari Murtaza, Khoja wa Upanga aliyezaliwa Unguja, mtu mwembamba wa miwani mizito ambaye hakupandisha sauti hata mara moja katika miaka yote niliyomjua. Alivitazama viatu vyangu kwa muda.

"Binti, hivyo ni vya harusi au vya kazi?"

"Vya kazi, Daktari."

"Haya. Tutaviona jioni."

Alinipeleka kwenye kijito kilichopita nyuma ya Mwenge, si mbali na mafundi wa vinyago. Kingo zilijaa vumbi la mbao na vipande vya mpingo. Akanionyesha namna ya kukamata wadudu wa majini: unautia wavu chini, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, unasimama mbele yake na kupiga mateke changarawe, na chochote kilichojificha huko kinachukuliwa na maji hadi wavuni. Akanipa wavu, akarudi ukingoni kunitazama. Teke la kwanza lilikuwa zuri. La pili liliingia kwenye tope hadi gotini, na nilipovuta mguu, kiatu kilibaki.

Nilikuwa nikiishi Kawe kwa mama mkubwa. Jioni ile nilikuta kina mama wa kanisani wamejaa barazani wakinywa chai. Mama mkubwa aliniona getini, mguu mmoja peku, gauni limeganda tope jeusi, na harufu ikanitangulia.

"Simama hapo hapo," akasema. "Usiingie."

Nikaogea bombani uani, nikiwa na nguo zangu, kina mama wote wakiniangalia. Mmoja akauliza, "Huyu ndiye yule msomi wenu?"

"Ndiye," mama mkubwa akajibu kwa unyonge. "Anasomea mitaro."

Nimekuwa nikisimulia kisa hicho kwa wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka wanacheka. Siku ile sikucheka. Nililia chini ya bomba ili machozi yasionekane, na asubuhi yake nikaenda kwa Daktari Murtaza kumwambia kwamba nadhani ningefaa zaidi kufundisha sekondari. Hakunibembeleza. Alinisogezea sinia jeupe lenye maji ya jana yake na kibano, akasema, "Kwanza maliza kuhesabu hawa. Ukishamaliza, kafundishe."

Ndani ya sinia lile kulikuwa na vijidudu vyekundu vyembamba kama uzi, vikijikunja na kujikunjua. Vilikuwa vingi ajabu. Na katikati yao, kimoja tu, buu mwenye mikia mitatu na mapezi madogo pembeni mwa tumbo, akipepea kana kwamba anapungia watu. Nikamuuliza huyu ni nani.

"Huyo hawezi kuishi kwenye uchafu. Ukimkuta, ujue mahali fulani huko juu bado pazima," akasema. "Ukitaka kujua mto umekula nini mwezi uliopita, usiyaulize maji, yameshafika baharini. Waulize wanaokaa chini ya jiwe."

Sikwenda kufundisha sekondari.

Kuhusu vifaa, nitasema machache kwa sababu sasa mna mashine zinazosoma maji na kutuma majibu kwenye simu, na mie nimezipenda. Lakini msiutupe wavu. Mashine inakwambia maji yakoje dakika hii. Wavu unakwambia nani amevumilia. Sinia liwe jeupe. Tuliwahi kutumia beseni la bluu baada ya sinia kupasuka, na nusu ya wadudu hatukuwaona. Kateni kucha. Pateni chanjo zote. Na buti za mpira zioshwe kabla hujapanda gari, si kwa ajili ya sayansi, ni kwa ajili ya dereva.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa mwenyewe ilikuwa kukarabati kipande cha kijito kile kile cha Mwenge, kule chini kinakokaribia Kawe. Tulifukua takataka, tukapanda majani ya kushika udongo, tukapanga mawe ndani ya vizimba vya waya ili ukingo usimomonyoke. Kipande kile kilipendeza mpaka watu wakaja kupigia picha za mahafali. Masika yakaja. Asubuhi moja nilikuta ukingo mtupu kama kaango lililokwanguliwa. Wiki iliyofuata mzee mmoja akafika ofisini kuniomba niende kwake nikachukue mawe yangu. Kizimba kizima kilikuwa kimevunja ukuta wake na kutulia sebuleni.

Tulikuwa tumetengeneza pale ambapo mto ulionekana, wakati maji yalitoka kwenye mapaa na sakafu za saruji za maelfu ya nyumba huko juu, yote yakikimbilia bondeni kwa pamoja. Kosa la kitaalamu linauma, lakini unalala usingizi. Linaandikiwa ripoti, wenzako wanatikisa vichwa, mnajifunza. Ninalotaka kuwaeleza sasa ni la aina nyingine.

Miaka hiyo nilikuwa nimeolewa na Lusekelo, baba wa mwanangu Lusajo, mhasibu, mtu mpole kutoka kwetu, na tulikuwa tukijenga Boko. Nasema tulikuwa tukijenga, ila aliyejenga ni yeye. Mie nilikuwa Kilombero kwa miezi mingi kwenye utafiti wa mabonde, nikirudi kwa siku chache, nasifia ukuta uliopanda, naondoka. Kiwanja chetu kilikuwa kwenye mteremko, na chini ya mteremko kilipita kijito ambacho wenyeji wanakiita Msufini. Nilipohamia nilifurahi kama mtoto. Mtaalamu wa vijito, na kijito nyuma ya nyumba!

Jambo moja nililopenda kuwaambia wageni ni kwamba shimo letu la choo halikuwahi kujaa. Majirani wa barabara ya pili walikuwa wakiita gari la kunyonya maji taka kila mara, sie hatukuwahi. Nikawa naeleza, kikombe cha chai mkononi, kwamba mchanga wa Boko una kiu, unanyonya vizuri. Niliwahi kulisema hilo hata darasani. Baadhi yenu mlikuwepo, na mliliandika.

Miaka michache kabla sijastaafu, tulipata mradi wa kuurudishia uhai Msufini wenyewe. Neema, wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeajiriwa. Tulichukua sampuli kuanzia upande wa juu wa kalavati la barabara kushuka bondeni. Upande huo wa juu tuliwakuta wale wenye mikia mitatu, si wengi, lakini wapo. Chini ya kalavati, vijidudu vyekundu vitupu. Kati ya sehemu hizo mbili kulikuwa na bustani za mchicha na matembele za kina mama kumi na kitu, wakiongozwa na Bi Zuhura, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Walikuwa wakitumia samadi ya kuku. Niliona samadi, nikaona vijidudu vyekundu, nikaunganisha.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki, nikasema kwamba kijito kinauawa na bustani, na kwamba ili kipone, kingo ziachwe wazi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye darubini. Halmashauri ilikuwa tayari kuziondoa bustani hizo. Ilisubiri tu neno la mtaalamu, na mtaalamu ndiye mie.

Bi Zuhura alisimama. "Dokta, shikamoo ya kwanza nakupa kwa elimu yako, maana umri tunalingana. Mie nimelima pale tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule. Mnapima kwetu tu kwa sababu sie hatuna geti. Pimeni na huko juu kwenye mageti."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Shomari, mtu aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, akanigeukia. "Inawezekana, Dokta?"

"Inawezekana," nikasema. Nikaeleza kwamba ipo rangi isiyo na madhara inayomwagwa chooni. Kama maji ya choo hicho yanaingia mtoni, rangi itaonekana mtoni.

"Na kwako?" akauliza Bi Zuhura. "Si unakaa huko huko juu?"

Nikatabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile kuliko shahada zangu zote. "Tutaanza na kwangu," nikasema.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi, nikiwa natafuta buti, Lusekelo alikuja akasimama mlangoni pa stoo.

"Lazima muanzie kwetu?"

"Nimeshaahidi."

"Si mngeanzia kwa wengine kwanza, muone inavyokwenda?"

"Wataona tunajipendelea, Baba Lusajo."

Akasema anakwenda kumwona fundi wa gari, ila hakwenda. Alikaa sebuleni na televisheni imezimwa. Nilimpita mara mbili nikimwambia asogee. Hayo yote niliyaona. Mtu niliyezoea kugundua buu dogo kuliko punje ya mchele chini ya jiwe sikumwona mume wangu kwenye kochi.

Rangi yenyewe mnaijua: ikiwa kavu ni unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, ikigusa maji inakuwa kijani cha kung'aa. Bwana Shomari aliingia nami chooni awe shahidi. Nilimimina, tukavuta maji, tukaongeza ndoo kadhaa. "Choo chako kizuri, Dokta," akasema kwa heshima, na tukatoka.

Kule chini kina mama wa bustani walikuwa wamejipanga ukingoni, na vijana wa mtaa, na majirani zangu wachache waliokuja kuona mwenzao anavyotoa mfano. Neema, ulikuwa umesimama majini na wavu. Tulisubiri. Na kwa kuwa siwezi kusubiri kimya mbele ya watu, nikawa nafundisha. Nikaeleza shimo la choo linavyotakiwa kuwa, jinsi mchanga unavyochuja, kwa nini samadi ni hatari zaidi. Nikasema, "Hapa tunaweza kukaa mpaka adhuhuri na hamtaona kitu. Tukitoka hapa tutahamia nyumba ya pili."

"Mwalimu," ukasema. Taratibu kabisa. Nadhani ulitaka nisikie mie peke yangu.

Nikageuka. Chini ya kichaka cha matete, mahali nilipopita mara nyingi nikiwa na wavu, maji yalikuwa yanatoka kijani. Mwanzoni mstari tu, mwembamba. Kisha ukapanuka, ukatanda kutoka ukingo hadi ukingo, kijani kinachong'aa juani, kikateremka polepole kuelekea mahali ambapo Bi Zuhura huchotea maji ya kumwagilia.

Nilisikia maji yenyewe.

"Dokta," akasema Bi Zuhura hatimaye, na hakuwa anadhihaki, alikuwa anauliza kweli, "hiyo ni ya kwako au ya jirani?"

Tulikuwa hatujamwaga rangi popote kwingine.

Bwana Shomari alinisogelea, akanishika kiwiko, akaniongelesha sikioni. "Dokta, tunaweza kusema rangi imemwagika njiani. Tunaahirisha, tunapanga siku nyingine. Hii ishu inazungumzika."

Alinitakia mema. Na nyie mnaonisoma, msidhani nilijibu pale pale. Niliitazama mikono yangu, yote kijani hadi kwenye vifundo, na nikawa naitafuta ile sentensi: imemwagika, kopo lilivuja, tutarudia. Ilikuwa tayari mdomoni. Kilichonizuia si ushujaa. Niliinua macho nikaona umenikazia macho yako, Neema, ukingoja kuona kazi hii inafanywaje.

"Ni ya kwangu," nikasema. "Mwenyekiti, endeleeni na nyumba ya pili."

Ndipo mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa. Sikupanda nao mteremko. Nilibaki nimesimama kwenye matete, na kila baada ya muda maji yakawa kijani upya, mara hii kutoka bomba jingine, na jingine. Karibu mteremko mzima ulikuwa unatapisha vyoo kijitoni. Haikunifariji. Wao hawakuwa wamemhukumu mtu.

Nilimkuta Lusekelo pale pale kwenye kochi. Niliketi mbele yake bila kuvua buti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu fundi alipoweka bomba la kutoa maji ya shimo kijitoni. Ulikuwa Kilombero. Shimo lilikuwa linajaa kila masika, maji yanarudi ndani. Fundi akasema kuna njia, mtaa mzima wanafanya. Nikasema ukirudi nitakwambia."

"Nikarudi."

"Ukarudi umechoka. Halafu ukaanza kulisifia shimo letu mbele ya wageni." Alifuta uso kwa kiganja. "Ukawa unasifia, unasifia. Ningeanzia wapi?"

Nilitaka kumkasirikia, na kwa siku kadhaa nilijaribu kwa bidii. Lakini mtu anayeishi kwa kupima maji anapaswa kujiuliza maji ya nyumbani kwake yanakwenda wapi. Mie nilichagua maelezo yaliyonipendeza, nikayafundisha. Na mchicha tuliokula nyumbani nilikuwa nanunua kwa Bi Zuhura, kila wiki. Mzunguko huo ningeuchora ubaoni, darasa lingeuelewa haraka.

Jumatatu nilimpigia Daktari Murtaza. Alikuwa amestaafu zamani, haoni vizuri, anakaa Upanga na binti yake. Nilimweleza yote mfululizo. Akacheka kidogo.

"Rangi ilipopita, ulichukua sampuli?"

"Daktari?"

"Chini ya hilo bomba. Na juu yake. Ulichukua?"

"Hapana. Nilikuwa... watu walikuwa wananitazama."

"Basi rudi kachukue," akasema. "Aibu yako haitakufa leo wala kesho, utaikuta. Wadudu hawatakungoja."

Nikarudi. Kuvaa buti na kuteremka bondeni mchana kweupe, watu wakinitazama kutoka madirishani, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Kilombero. Nilichukua sampuli juu ya bomba la kwangu na chini yake, na jibu likawa kama mnavyodhani.

Mkutano wa pili niliuomba mwenyewe. Nilisema nilikosea kuhusu bustani, na kwamba uchafu unatoka kwenye nyumba zetu, nyumba yangu ikiwemo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa, nakiri, hata kwa mtu kusema nimefanya uungwana. Bi Zuhura alisimama, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo.

"Bustani hazivunjwi tena?"

"Hazivunjwi," nikasema.

"Haya. Sasa mtaa mzima umesikia kwamba mie nawauzia mboga zilizomwagiliwa mavi yenu. Nani atanunua?"

Mie nilikuwa na jibu la kitaalamu kuhusu muda unaotakiwa kabla udongo haujawa salama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikalinyamazia.

Hakununua mtu. Sokoni Tegeta walimjua kwa jina na walimkwepa kwa jina. Msimu ule bustani zilisimama zimejaa mchicha uliokomaa hadi ukatoa mbegu. Nilikwenda kwake mara kadhaa. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili alinipa kiti, akaendelea kupepeta mchele kama vile kiti kimekaa kitupu. Mara ya tatu aliniambia, bila hasira, "Dokta, ukija hapa watu wanakumbuka. Usije kwanza." Baadaye alihamia kwenye miche ya maua na miti ya kivuli, anaiuza kando ya barabara ya Bagamoyo. Ninapopita ananisalimia vizuri. Sijawahi kununua mche kwake. Naogopa ataona namlipa.

Lusekelo aliita mafundi, na yeye mwenyewe akashika sururu nao. Walifukua bomba lote kutoka ukutani hadi kwenye matete, wakajenga shimo jipya lenye sakafu, na tangu hapo gari la kunyonya linakuja kwetu kama kwa watu wengine, likinguruma getini. Bwana Shomari akawapa majirani matokeo yao, nao wakalazimika kufukua. Wengine walifukua kweli. Wengine walifunika mdomo wa bomba kwa mawe.

Hapo ndipo nilipopata jina. Mtaani walianza kuniita Mama Kijani, na kila mtu Boko alijua kwa nini. Lakini jina likasafiri kuliko kisa. Likafika ofisini, likafika kwenye semina, na huko wakadhani ni sifa, kwamba ni kwa sababu ya mapenzi yangu kwa mazingira. Mmoja alinikaribisha jukwaani hivyo, "Mama Kijani wetu," watu wakasimama kupiga makofi, nami nikasimama nikapokea. Ningefanyaje, nisimamishe semina nieleze habari za choo? Ningeweza. Sikufanya. Na siku mliyoniaga, mgeni rasmi alipolirudia na keki ikaletwa yenye rangi hiyo, nilikata kipande nikala huku Neema ukitazama chini. Sasa mmejua wote. Keki ilikuwa tamu, nawashukuru.

Mto haukupona kama kwenye ripoti. Baada ya masika kadhaa tulimkuta buu mmoja wa mikia mitatu chini ya kalavati, kisha wachache. Tukapanda matete na mikuyu kingoni, tukaacha maji yapinde yanapotaka. Miaka mingine wanaongezeka, miaka mingine nyumba mpya inajengwa na wekundu wanarudi.

Mwezi uliopita, nikiwa tayari ni mtu wa nyumbani, niliona povu likitoka mahali ambapo hapakuwa na bomba. Juu yake kuna nyumba mpya, ukuta mrefu, geti jeusi. Nilibisha hodi. Akatoka kijana mstaarabu, msafi, suruali imenyooshwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mie ni jirani yako wa kule chini. Nimekuja kuhusu maji yanayotoka nyuma ya ukuta wako."

"Hapana mama, sie hatuna bomba huko. Shimo letu halijaagi hata siku moja. Mchanga wa huku unanyonya sana."

Nilishika geti lake kwa mkono mmoja, maana magoti siku hizi hayanibebi vizuri. Kisha nikamsimulia. Nilianza na chai na wageni, nikapita kwenye rangi, mwenyekiti, kina mama ukingoni, Bi Zuhura na mboga zake, mpaka Lusekelo na sururu. Sikumwambia afanye nini. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na sehemu ambayo watu hucheka hakucheka.

"Sasa mama," akauliza mwishoni kwa sauti ya chini, "mlipokuwa mnafukua, majirani walisemaje?"

"Hawakusema kitu. Walifunga madirisha."

Aliyatazama madirisha ya nyumba zilizotuzunguka, moja baada ya jingine. Kisha akageuka akaita ndani, "Mama Nasra, niletee funguo za mlango wa nyuma. Na mgeni aletewe kiti."